Binti amerefuka ghafla, visigino vinauma, na wenzake wamepewa viatu vya ncha: tufanyeje?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina binti wa miaka 11 na nusu, yuko Gredi ya 6 hapa Nairobi. Anacheza baleti tangu akiwa na miaka 8, mara mbili kwa wiki, na siku zote amekuwa miongoni mwa wazuri wa darasa lake. Mwaka huu amerefuka sana. Sare niliyomnunulia Januari haimtoshi tena. Muhula huu wenzake wanne wameruhusiwa kuvaa viatu vya ncha, vile vya kusimamia vidole. Yeye mwalimu amesema abaki ngazi ya chini kwanza. Amelia wiki nzima. Siku hizi anayumba akizunguka, hafiki chini kwenye msamba kama zamani, na visigino vinamuuma akitoka mazoezini. Shuleni pia yumo kwenye kikundi cha ngoma ya isukuti, wanajiandaa kwa Tamasha la Muziki. Kila usiku anajilazimisha msamba, na shangazi yake humkandamiza mabega ili ashuke. Kuna studio nyingine imeniambia nikimhamisha itampa viatu mara moja. Baba yake anasema dansi itamharibu mifupa na kumdumaza, bora tuachane nayo. Na mdogo wake wa kiume, miaka 6, naye anataka kuanza. Nishauri."

Mama, kwanza pole, na umfikishie binti yako pole yangu. Kubaki chini wakati marafiki wanapanda kunauma kweli kwa mtoto wa miaka 11, na hakuna maelezo ya mifupa yatakayoyafuta machozi hayo kwa siku moja. Nikisoma barua yako naona wasiwasi mmoja umebeba mengine yote: mtoto aliyekuwa anafanya vizuri amepatwa na nini, na tukiendelea kungoja si atapitwa kabisa? Nikujibu moja kwa moja, kisha nieleze. Hajaharibikiwa. Mwalimu wake, kwa dalili ulizoziandika, ameamua vizuri. Usimhamishe kwa sababu ya viatu. Ila visigino vinataka kushughulikiwa wiki hii hii, na huo msamba wa usiku wa kukandamizwa ukome leo.

Nianze na kurefuka, maana ndiko yanakotoka karibu yote uliyoyataja. Msichana hufikia kilele cha kasi ya kukua akikaribia miaka 12, wengine mapema kidogo, wengine baadaye. Mvulana hufika huko karibu na miaka 14. Kwenye kilele hicho msichana huweza kuongeza kama sentimita 8 kwa mwaka. Na mwili hauongezeki wote kwa pamoja. Nyayo na viganja hutangulia, ndiyo maana viatu vya shule hubana kabla sketi haijafupika. Halafu hurefuka miguu na mikono, na kiwiliwili huja mwishoni. Kwa miezi kadhaa mtoto anatembea na miguu mipya mirefu chini ya kiwiliwili kile kile cha mwaka jana, na misuli ya tumbo na nyonga inayopaswa kuidhibiti miguu hiyo bado haijapata nguvu ya kutosha.

Sasa mtazame anapozunguka. Amezoea mguu wa urefu fulani. Anaurusha kwa nguvu ile ile aliyoizoea Januari, lakini mguu sasa ni mrefu na mzito zaidi, unamvuta nje ya mstari, anayumba. Hapo si mvivu wala hajasahau alichofundishwa. Anajifunza upya kuutumia mwili ambao hakuwa nao miezi sita iliyopita. Mwalimu mzoefu hulitambua jambo hili mara moja, na hupunguza kasi mpaka mwili utulie. Nakuomba umweleze binti yako hivyo hivyo, kwa maneno yako, kwa sababu wasichana wengi huacha dansi katika umri huu wakiamini kwamba kipaji kimewaisha. Ukitaka apate kitu cha kukishika mkononi, mpime urefu ukutani kwa penseli, bila viatu, kila baada ya miezi mitatu, na mwandike pamoja kwenye daftari. Akiongeza sentimita 2 au zaidi kati ya alama mbili, yuko kwenye kasi kubwa. Kasi hiyo ikipungua, mizunguko itaanza kurudi, na ataiona mwenyewe.

Msamba nao una maelezo hayo hayo. Mfupa hurefuka kwanza, misuli na kano hufuata nyuma. Chukua kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye miti miwili: ukiisogeza miti mbali kidogo, kamba hukaza hata kama hakuna aliyeigusa. Misuli ya nyuma ya paja la binti yako imekaza namna hiyo. Na hapa ndipo shangazi, kwa nia njema kabisa, anapoleta hatari. Kwa mtu mzima, kano imeshikwa kwenye mfupa uliokomaa. Kwa mtoto anayekua, mahali kano inapojishikiza ni gegedu laini ambayo bado inageuka kuwa mfupa. Misuli ya nyuma ya paja inashikilia mfupa ule tunaoukalia, na gegedu ya pale ni miongoni mwa zinazochelewa sana kukomaa, kwa wengine hata baada ya miaka 18. Mtu akimsukuma mtoto kwa uzito wake, kinachoachia kinaweza kuwa kipande cha mfupa pale kwenye kiungio, na misuli ikabaki salama. Kuna watoto huusikia mlio, halafu hawawezi kukaa vizuri kwa wiki nyingi. Hilo likitokea, baleti itasubiri miezi.

Sisemi aache kujinyoosha. Ajinyooshe baada ya darasa, mwili ukiwa na joto, kila upande kama nusu dakika, arudie mara mbili au tatu, ashuke mpaka anapohisi kuvutwa bila maumivu, na asiguswe na mtu. Sehemu anayoishia leo ndiyo yake ya leo. Mwangalie pia kama ni wale watoto wenye viungo vilivyolegea kupita kiasi: kidole gumba cha mkono kinagusa mkono karibu na kifundo, viwiko na magoti vinapinda kwenda nyuma akivinyoosha, viganja vyote vinalala sakafuni akiinama bila kukunja magoti. Watoto hawa husifiwa sana kwenye studio kwa jinsi wanavyokunjika, na ndio wanaoumia kimyakimya. Wao wanahitaji nguvu zaidi kuliko kunyooshwa, na kwao viatu vya ncha huchelewa zaidi.

Sasa visigino. Nyuma ya kisigino cha mtoto kuna sehemu ya kukulia ambayo haijaungana bado na mfupa mkubwa wa kisigino. Ile kano nene inayoshuka nyuma ya mguu hujishikiza hapo hapo. Mfupa wa mguu ukirefuka, kano hukaza na kuvuta. Kila mruko na kila kishindo huvuta tena. Sehemu ile inachokozeka na kuuma. Madaktari huita hali hii ugonjwa wa Sever, kwa jina la daktari aliyeieleza mwaka 1912, lakini neno "ugonjwa" lisikutishe. Huwapata sana watoto wanaocheza michezo kati ya miaka 8 na 14, na huisha sehemu ile inapoungana na mfupa. Ikitokea chini ya goti, pale kwenye kinundu cha mbele, huitwa Osgood-Schlatter, na utaratibu wake ni huo huo. Unaweza kujipimia nyumbani: shika kisigino chake kwa viganja viwili, ukibane pande zote mbili polepole. Akisema "hapo hapo", yaelekea ni Sever. Maumivu yakiwa mahali pengine, chini ya unyayo kwa mfano, au kwenye mfupa wa katikati ya mguu, hiyo ni habari nyingine, na nitaifikia.

Katika barua yako kuna jambo umeligusa kwa kupita tu, na mimi nadhani ndilo lililozidisha maumivu: isukuti. Baleti mara mbili kwa wiki peke yake huenda isingemletea mtoto huyu maumivu hayo. Lakini ongeza kikundi cha shule msimu wa Tamasha la Muziki, ambapo mazoezi yanaweza kuwa kila siku baada ya masomo, mara nyingi pekupeku, kwenye uwanja wa simenti au ardhi ngumu, kukanyaga na kuruka kwa mwendo wa ngoma, kurudia wimbo mzima kila mwalimu anaposema "tena!". Ongeza michezo ya shuleni. Ongeza sebuleni, kwenye vigae, anapomwonyesha mdogo wake. Hakuna mwalimu hata mmoja anayeona jumla. Wa baleti anaona saa zake, wa shule anaona zake, na kisigino ndicho kinachojumlisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni daftari. Wiki moja nzima mwandike kila anachokifanya na dakika zake. Katika michezo ya watoto kuna kipimo kinachotumika sana: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto, na apate angalau siku moja ya kupumzika kabisa, mbili zikiwezekana. Kwa binti yako ni saa 11 hivi, na katika kipindi hiki cha kurefuka na maumivu ningependa ziwe pungufu ya hapo. Mkishaiona jumla, mtajua pa kukata.

Na nisieleweke vibaya: simwambii aiache isukuti. Ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na mtoto wa Nairobi kuijifunza ni jambo la kufurahiwa. Tena inampa vitu ambavyo baleti haimpi: mdundo unaobadilika, mabega yaliyo huru, kucheza kwa kumsikiliza mwenzake badala ya kujitazama kwenye kioo. Zungumza na mwalimu wa kikundi. Mwombe mtoto ashiriki kikamilifu kuimba na mikono na mabega siku zote, ila kukanyaga kwa nguvu na kuruka afanye mara chache tu kwa wiki, na avae raba mpaka karibu na siku ya mashindano. Walimu wengi wakielezwa kwa heshima, na mapema, hukubali. Wakiambiwa siku tatu kabla ya mashindano hukasirika, na wana haki.

Kwenye baleti nako asiruke kwa wiki mbili au tatu, mengine aendelee nayo. Nyumbani awekewe barafu iliyofungwa kwenye taulo dakika 10 hadi 15 baada ya mazoezi. Kwenye viatu vya shule weka kipande cha soli ya povu chini ya kisigino, viatu vyote viwili, ili kano ilegee kidogo. Kisha anyanyuke juu ya vidole polepole akiwa ameshika meza, ashuke polepole zaidi, ili misuli ya nyuma ya mguu ijengeke bila mshtuko. Kumpumzisha moja kwa moja kitandani si lazima. Kipimo changu ni hiki: maumivu madogo wakati wa mazoezi, yanayokuwa yameisha kesho yake asubuhi, yanavumilika. Akichechemea, au akiamka na maumivu, jana mlizidisha. Na tafadhali, usimpe dawa ya maumivu ili aweze kwenda mazoezini. Dawa itanyamazisha onyo na kisigino kitaendelea kuvutwa.

Tuje kwenye viatu vyenyewe. Watu wengi wanaamini viatu vya ncha ni kama cheti: umefika ngazi fulani, unavishwa. Wengine wanaamini ni suala la siku ya kuzaliwa, ukifika miaka 12 umeiva. Chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi, IADMS, kina mwongozo juu ya jambo hili. Kwa ufupi, unasema mtoto asianze kabla ya miaka 12. Anayesoma baleti mara mbili kwa wiki, akiwa hana kasoro nyingine, anaweza kuanza katika mwaka wa nne wa mafunzo. Anayesoma mara moja kwa wiki ashauriwe asianze. Na mwenye kiwiliwili au miguu dhaifu, au vifundo vilivyolegea, angoje aimarishwe kwanza. Binti yako yuko mlangoni hasa. Ndiyo maana uamuzi wa mwalimu ni wa kumtazama yeye, mwili wake wa leo, na si kumlinganisha na wale wanne. Kama hao wanne nao wana miaka 11, mimi ningekuwa na maswali juu yao kuliko juu yake.

Kwa nini uangalifu wote huo? Akisimama kwenye ncha, uzito wote wa mwili unapita kwenye vidole, hasa kidole gumba, ndani ya kiatu kigumu. Ili asiumie, unyayo unapaswa uwe kwenye mstari mmoja na mguu. Kifundo kisipofunguka vya kutosha, mwili unabaki nyuma ya mstari. Magoti yanakunjwa kufidia, au nyuma ya kifundo mfupa unabana mfupa. Kifundo kikifunguka kupita kiasi bila nguvu, anapinduka kwenda mbele. Hayo yote yanashikiliwa na misuli midogo ya unyayo, misuli ya nyuma ya mguu, nyonga na tumbo, ile ile iliyochelewa nyuma ya mifupa. Na katika umri huu, kwa wasichana wengi, mifupa ya unyayo yenyewe haijamaliza kukomaa. Kumpiga picha ya eksirei ili kujua kama yuko tayari, jambo ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara, hakusaidii kwa mtoto mzima wa afya. Eksirei haionyeshi nguvu wala udhibiti.

Nguvu na udhibiti tunavipima kwa kutazama. Nikueleze kipimo kimoja ukione mwenyewe sebuleni. Asimame pekupeku kwa mguu mmoja. Ainamishe kiwiliwili mbele na kuunyoosha mguu mwingine nyuma, mpaka mwili wote uwe sambamba na sakafu, mikono imefunguliwa pembeni mithili ya ndege. Akiwa hivyo, akunje goti la mguu aliosimamia na wakati huo huo ashushe mikono, ncha za vidole ziguse sakafu, kisha arudi juu. Mara tano. Wewe kaa mbele yake, tazama goti tu. Je, linabaki juu ya vidole vya mguu, au linaangukia ndani kuelekea goti jingine? Nyonga zimebaki sawa, au moja imeinuka? Akifaulu mara nne kati ya tano kila mguu, hapo kuna msingi. Kuna vipimo vingine vya kwenda na hicho: kuruka kwa mguu mmoja mara 16, na angalau 8 ziwe safi, kiwiliwili kimetulia na goti limenyooka juu, na mzunguko mmoja unaoisha bila kuyumba. Hivyo viwili aviache mpaka kisigino kipone. Sikuambii uvifanye ili umpe ruhusa mwenyewe. Nakuambia ili ukienda kwa mwalimu uweze kuuliza, "Ni kipi hasa kinachomzuia, na tukifanyie kazi gani?" Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa hivyo na atakujibu kwa mambo mahususi: nyonga, kifundo cha kushoto, mzunguko.

Kuhusu madaraja, kuna jambo litakalompunguzia binti yako machungu. Muulize mwalimu wanafuata mtaala upi. Kama ni wa Royal Academy of Dance, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1920, kuna mikondo miwili. Mmoja ni wa daraja la 1 hadi la 8. Wa pili ni wa wanaolenga kuifanya baleti taaluma, na huko ndiko viatu vya ncha vinakoingia. Mtoto anaweza kupanda mkondo wa kwanza mpaka daraja la 8, akawa mchezaji mzuri kweli, bila kuvaa kiatu cha ncha hata siku moja. Wazazi wengi hawaelezwi hili, wanadhani asiye na viatu hivyo amekwama.

Na kuhusu kuchelewa: Misty Copeland wa Marekani alianza baleti akiwa na miaka 13, umri ambao binti yako hajaufikia, na mwaka 2015 akawa mwanamke Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupewa cheo cha juu cha mchezaji mkuu katika American Ballet Theatre. Simtaji kwa kusema kila mtoto atafika huko; yule alikuwa na mwili na bidii ya pekee. Ninachosema ni kwamba miezi sita au mwaka wa kungoja ukiwa na miaka 11 haumfungii mtu mlango wowote. Kuvunjika kwa mfupa wa unyayo ndiko kunakoweza kuufunga.

Je, umhamishe? Nijibu kwa haki. Kuna sababu nzuri za kubadilisha studio: mwalimu anayetukana miili ya watoto, anayewakandamiza kwenye msamba, asiyeweza kueleza maamuzi yake, au sakafu ya simenti tupu wanaporuka kila siku. Hizo ningezikubali. Lakini studio inayoahidi viatu kabla ya kumshika mtoto kifundo wala kumwona akisimama kwa mguu mmoja, inakuuzia kitu. Ukitaka kuwa na hakika, waombe wamwone kwanza, na uwaulize wanampimaje, mwaka wa kwanza wa viatu watamwanzisha dakika ngapi kwa wiki, na atashika ukuta muda gani kabla ya kuachia. Kuanza kwa kweli ni dakika 10 au 15 mwishoni mwa darasa, mikono yote miwili ikiwa imeshika. Wakikuambia ataingia moja kwa moja kwenye onyesho la Desemba, mshike mkono mtoto mrudi nyumbani. Njia ninayoipendelea mimi ni abaki alipo, na umwombe mwalimu mpango wa maandalizi wenye tarehe ya kumtazama upya, labda baada ya miezi sita. Mtoto anayejua anangojea nini hungoja vizuri zaidi kuliko aliyeambiwa "bado" tu. Gharama yake naikubali: atawakosa rafiki zake darasani, na hilo mpeni nafasi ya kulilia.

Siku ikifika, usinunue viatu vya ncha vya mitumba wala kurithi vya binamu, hata vikionekana vipya. Vile hujifinyanga kwa mguu wa aliyevivaa, na ubao wake wa ndani ukishalegea haumshiki tena mwingine. Na ile desturi yetu ya kununua kiatu kikubwa kidogo ili mtoto akue nacho, hapa iache kabisa. Kikipwaya, anazama ndani, na vidole ndivyo vinavyogonga. Ni sababu nyingine ya kungoja kurefuka kupungue, kwa sababu hutaki kununua jozi mpya kila baada ya miezi miwili.

Baba naye anastahili jibu, maana hofu yake ni ya upendo. Dansi haidumazi. Urefu wa mtoto hutokana zaidi na urithi, chakula na afya, na miruko ya kiasi huimarisha mifupa, kwa sababu mfupa hujijenga pale unapopewa kazi. Anachokiogopa kina ukweli kwa upande mmoja: mtoto anayecheza sana na kula kidogo. Sehemu kubwa ya akiba ya mfupa ya maisha yote huwekwa miaka hii ya kubalehe, na asipokula vya kutosha mwili hukata kwanza kwenye mifupa na hedhi. Basi ale kabla ya mazoezi, hata ndizi na chai ya maziwa, na ale chakula kamili akirudi: ugali, maharage, omena, mayai, mboga za majani, maziwa lala. Omena zinaliwa pamoja na mifupa yake, hapo kalsiamu ipo. Na mtu yeyote, awe mwalimu, shangazi au jirani, asimwambie ameongezeka nyonga. Zinaongezeka kwa sababu anakuwa mwanamke. Ukimwona anaanza kuruka milo, kujificha akila, au hedhi ikianza kisha ikakatika miezi mitatu, au akifika miaka 15 haijaanza, mpeleke kwa daktari bila kungoja.

Kuna dalili nyingine ambazo barua haitoshi kuzijibu. Mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa kama kisigino hakijapata nafuu baada ya wiki mbili au tatu za kupunguza. Kama kuna uvimbe. Kama maumivu yanamwamsha usiku au yanaambatana na homa. Kama kuna mahali pamoja kwenye mfupa wa unyayo anapoonyesha kwa ncha ya kidole. Au kama mgongo wa chini unamuuma akijipinda nyuma. Na hili lisichelewe hata siku moja: mtoto wa umri huu anayechechemea akilalamika kinena, paja au goti. Wakati mwingine kichwa cha mfupa wa paja huteleza kwenye sehemu ya kukulia, maumivu yakasikika gotini wakati tatizo liko nyongani. Asikanyage mguu huo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na uwaombe waangalie nyonga hata kama yeye anashika goti.

Mdogo wake wa miaka 6 hana cha kungojea. Umri wake unataka mchezo wenye mpangilio: kuruka kwa mguu mmoja, kukimbia na kusimama ghafla ngoma ikinyamaza, kupiga makofi kwa mdundo, kuigiza mnyama, kusubiri zamu yake. Darasa moja la dakika 45 kwa wiki linamtosha. Darasa ambalo watoto wa miaka 6 wanashika ukuta saa nzima wakisahihishwa vidole, au wanapimwa nani anapiga msamba, si la umri huo. Asibebe mwenzake, asikandamizwe, na akichoka aruhusiwe kukaa. Kama kuna watakaomcheka kwa kuwa ni mvulana, mwonyeshe wanaume wanaocheza isukuti kwenye mashindano ya dada yake. Baleti, ngoma au vyote viwili, achague kwa kuonja. Muulize mwalimu kama anaweza kuhudhuria wiki za mwanzo pekupeku, kabla hujamnunulia chochote.